Soni hadi Mlalo kwa baiskeli: hesabu saa, usihesabu kilomita

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari Dar es Salaam, nina miaka 31. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya changarawe ya mtumba, ile inayopita lami na vumbi, tairi zake ni za milimita 40. Kila Jumamosi naendesha upande wa Bagamoyo na kurudi, kilomita 80 bila shida. Likizo ya Juni nataka kwenda Usambara siku nne peke yangu: napanda kutoka Mombo hadi Lushoto, naenda Mtae, napita Mlalo, kisha nateremka tambarare, kilomita 60 kila siku. Napenda misitu na vijiji vya zamani kuliko mbio. Je, nitaweza? Na baiskeli yangu itafaa?

Jibu: Marahaba, binti. Safari utaiweza. Mpango wako ndio hautawezekana, na baiskeli yako itafaa ukiirekebisha kidogo. Nimeongoza watu kwa baiskeli katika milima hii miaka mingi, na niliowaona wakishindwa hawakuwa wale wenye nguvu ndogo. Walikuwa wale waliopiga hesabu kwa kilomita.

Njia ya Bagamoyo ni tambarare. Milimani kilomita haikuambii kitu mpaka ujue inapanda kiasi gani. Kanuni yangu ni hii: mtu mwenye mazoezi kama yako, akiwa na mzigo wa kilo nane hadi kumi, kila mita 100 za kupanda zinamla robo saa. Chukua Mombo hadi Lushoto. Ni kilomita 33 tu. Lakini Mombo iko mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, na Lushoto iko karibu na mita 1,400. Mita hizo 1,000 ni saa mbili na nusu za kupanda tu, kabla hujapumzika, hujanywa maji, hujasimama kupisha lori la mbao. Na hapo uko kwenye lami. Ukishapita Lushoto, unapanda kilima, unateremka bonde lote, halafu unakipanda kilima cha pili ambacho ulikuwa unakiona mbele ya macho kama hatua mbili. Kilomita 60 za barabara ya vumbi huko juu ni siku nzima kwa aliyezoea. Kwako wewe zitaishia gizani, na giza la huko hushuka pamoja na ukungu.

Kwa hiyo tukate. Panga kilomita 30 hadi 35 kwa siku, uondoke asubuhi mapema, na kufikia saa tisa alasiri uwe umeshafika unapolala. Tena, kati ya Mtae na Mlalo chagua moja. Mtae watu wengi wanaipenda kwa sababu iko ukingoni kabisa mwa milima, chini yako ni mbuga ya Mkomazi, na siku ya anga safi Kilimanjaro inaonekana. Ni mahali pazuri mno. Lakini wewe umeuliza misitu na vijiji vya zamani, na kwa hilo mimi ningekwenda Mlalo, Mtae nikaiwekea likizo nyingine. Habari ya kuteremka tambarare siku ya mwisho iache kabisa. Sababu nitakueleza nikifika kwenye breki.

Usipande kutoka Mombo kwa baiskeli. Barabara ile ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo, na mabasi yanaijua kona kwa mazoea. Panda basi la Lushoto kutoka Dar, ushuke Soni, mji mdogo ulio njiani kati ya Mombo na Lushoto. Baiskeli itaingia kwenye buti: toa gurudumu la mbele, weka kipande cha mti kati ya miguu ya uma, ule unaoshika gurudumu hilo, ili mizigo ikiuelemea usibanwe, zungushia katoni upande wa gia, na simama mwenyewe hapo mpaka uone imelazwa gia zikiwa juu. Usimwachie utingo kazi hiyo hata akikuambia usiwe na wasiwasi. Soni utaona maporomoko ya maji kando ya barabara. Lala hapo. Asubuhi yake safari inaanza, nayo inaanzia Vuga.

Wengi wanaokuja Usambara hawafiki Vuga, jambo ambalo linanisikitisha kila mwaka, kwa sababu bila Vuga vijiji vingine vyote unavipita kama mandhari tu. Vuga ndiyo ilikuwa makao ya wafalme wa Kilindi waliotawala Shambaai, yaani nchi ya Wasambaa. Simulizi ya Wasambaa inasema mwanzilishi wao alikuwa Mbegha, mwindaji aliyetoka upande wa Unguu, akawasaidia watu kuua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia nyama, akaua simba, nao wakampa nchi. Mfalme akaitwa Simba Mwene. Katikati ya karne ya 19 mfalme alikuwa Kimweri ye Nyumbai, na utawala wake ulifika mpaka kuelekea pwani. Mmisionari Krapf alimfuata huko milimani mwaka 1848, akarudi tena 1852. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke nao walipanda hadi Vuga mwaka 1857, kwa miguu, kabla ya safari yao ya maziwa makuu.

Usitarajie kasri la mawe. Nyumba za wafalme zilikuwa za miti na nyasi, na leo Vuga ni kijiji cha migomba kama vijiji vingine. Ila simama juu ya mgongo wa kilima utazame pande zote, utaelewa kwa nini walipachagua: anayekuja unamwona kabla hajafika. Kisha tazama chini, kule Mazinde karibu na Mombo, ambako mtoto wa Kimweri aitwaye Semboja aliweka makao yake ili awe kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Kimweri alipofariki mwaka 1862, mwenye bunduki za tambarare aligeuka kuwa na nguvu kuliko mwenye kiti cha mlimani, na miaka michache baadaye Semboja akaishambulia Vuga yenyewe. Ukiwa umepanda kilima kile kwa miguu yako na pedali zako, ugomvi huo wa mlima na tambarare utauelewa bila kitabu.

Njia ya kwenda Vuga uliza hapo Soni, na ukifika kijijini usianze kupiga picha. Tafuta mwenyekiti wa kijiji au ofisi ya mtendaji, jitambulishe, sema umetoka wapi na unataka kuona nini. Watakutafutia mzee. Mzee mmoja akikaa na wewe nusu saa ni bora kuliko kilomita kumi za ziada. Jioni ya siku hiyo upandishe mpaka Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, ulale.

Sasa baiskeli. Tairi za milimita 40 zinapita, ila fremu ikiruhusu tia za 45 au zaidi, zenye meno pembeni. Usijaze upepo kama wa barabara ya lami. Ukiwa na tyubu za kawaida na uzito wa kilo 60 hivi, pauni 35 mbele na 38 nyuma zinatosha kwa kuanzia. Chini ya hapo, tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu itoboke matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka. Juu ya hapo, baiskeli itakurusha kila kokoto. Gia ni rahisi kuhakiki: hesabu meno ya sahani ndogo ya mbele, uhesabu na ya gia kubwa kuliko zote nyuma. Ya mbele yakizidi ya nyuma, peleka kwa fundi abadilishe moja kabla hujaondoka Dar. Zikiwa sawa utapanda. Nyuma ikiwa kubwa zaidi, utapanda ukiongea.

Vipuri vya kubeba ni vichache. Tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, kiungo cha cheni, pedi za breki, na kile kichuma kidogo kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kwenye fremu. Hicho cha mwisho watu hukisahau. Kimetengenezwa kivunjike chenyewe ili fremu ipone, na kila fremu ina umbo lake, kwa hiyo hutakipata Lushoto wala Tanga mjini. Mafundi wa vijijini ni hodari, wanaunga spoki na kunyoosha rimu kwa jicho tu, lakini baiskeli wanazozifahamu ni zile za keria kubwa zinazobeba viazi na kabichi. Breki za mafuta hawatakuwa na mafuta yake. Kama zako ni za waya, shukuru.

Siku ya pili unatoka Lushoto kuelekea Magamba, kilomita kama saba za kupanda, na hapo juu unaingia msituni. Hii ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kiingilio unalipia ofisini kwao kwa kontroli namba, na ukiingia njia za ndani chukua mwongozaji. Humo kuna mikulo, ile miti mikubwa yenye harufu ya kafuri, na mbega weusi wenye mabega meupe. Ukisimama ukanyamaza, utamsikia mbega kabla hujamwona, sauti yake ni kama mtu anayeburuta ubao. Angalia pia vichaka vya pembeni kwa vinyonga wenye pembe puani, waishio milima hii. Wanasayansi wamewapa jamii yao jina la Kinyongia, wakalichukua moja kwa moja kutoka Kiswahili chetu.

Juni masika yamekwisha, hilo ni zuri. Lakini msitu haukauki na nje. Utatoka Lushoto kwenye vumbi, uingie kivulini ukutane na udongo mwekundu wa mfinyanzi ulioloa tangu Mei. Udongo huo una tabia mbili. Ukiwa majimaji, unateleza, na unaweza kuendesha polepole ukifuata pale kokoto zinapoonekana au kwenye majani ya ukingoni. Ukiwa nusu kavu, ndio mbaya. Unashika tairi kama unga wa ugali unaokaribia kuiva, unakusanya na majani na vijiti, unajaa kati ya tairi na fremu, na gurudumu linasimama kabisa. Mara ya kwanza iliponitokea nilisukuma kwa nguvu, nikafikiri litapita. Mama mmoja aliyebeba kuni akasimama, akatua mzigo, akachomoa kijiti kwenye kuni zake, akaanza kuchokoa udongo pale karibu na breki bila kusema neno. Alipomaliza upande wake akanipa kijiti nimalizie wangu. Tangu siku hiyo nabeba kijiti kigumu cha urefu wa kiganja, kimefungwa kwenye fremu. Ukiona tope la namna hiyo, shuka mapema, beba baiskeli begani hatua hamsini. Ukiisukuma ndani yake, unaweza kukata kile kichuma nilichokutajia.

Ukitoka msitu wa asili utapita mashamba ya miti ya kupandwa upande wa Shume, misindano na mivinje iliyojipanga kwa mistari. Biashara ya mbao huko ni ya zamani. Enzi za Wajerumani kulikuwa na waya wa angani ulioshusha mbao kutoka Shume hadi Mkumbara, kwenye reli. Leo zinashuka kwa malori, kwa hiyo kila kona kaa kushoto kabisa na usivae vya masikioni. Lukozi utakuta mboga zimepangwa barabarani, karoti zimeoshwa zinang'aa. Kula hapo. Lala Rangwi, kwa masista wa Kikatoliki ambao wamekuwa wakipokea wapita njia. Piga simu kabla, na beba sweta la maana, maana usiku wa Juni huko baridi yake wewe wa Dar hujawahi kuijua.

Siku ya tatu unateremka kwenda Mlalo, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Kila mtu hujiandaa kupanda. Hatari iko kwenye kuteremka. Kupanda kukikushinda unashuka, unasukuma, aibu ndogo imekwisha. Mteremko ukikushinda hauna pa kushukia. Miaka ile nikiwa bado nina haraka, niliteremka bonde moja huku nikishikilia breki ya nyuma mfululizo, mzigo kilo kumi na tano. Nikaanza kusikia harufu, kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye pasi. Nikapuuza. Kona mbili mbele mkono wa breki ukaja mpaka kwenye usukani bila kushika chochote. Kilichoniokoa ni mtaro wa upande wa mlima. Nililazimisha gurudumu la mbele humo, nikalala na bega juu ya udongo. Nilipoinuka nikamwagia diski ya breki maji, yakachemka hapo hapo kwa kelele, na chuma kilikuwa kimebadilika rangi kuwa bluu kama shingo ya kanga. Mkono wangu ulitetemeka hata nikashindwa kufunga chupa.

Kwa hiyo sikiliza. Usishikilie breki muda wote. Bana kwa nguvu sekunde mbili tatu kabla ya kona, achia, bana tena, kwa zote mbili mbele na nyuma, ili diski zipate upepo. Shika pembe za chini za usukani, maana huko vidole viwili vinatosha, na rudisha makalio nyuma ya kiti. Kila robo saa ya mteremko simama, hata kama hujachoka, usogeze kiganja karibu na diski bila kuigusa. Ukihisi joto kama la jiko, kaa ule ndizi. Na pedi zako ziwe za metali, siyo zile za gundi laini, maana udongo mwekundu uliolowa huzila kama msasa, zinaweza kwisha kwa siku moja.

Mchezo huu wa changarawe umekua upesi kwetu. Tangu 2021 kuna mashindano ya Migration Gravel Race kule Maasai Mara, na vijana wa Afrika Mashariki wamesimama na wakubwa wa dunia. Lakini pia tulimzika Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa vijana wale, aliyefariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa bingwa. Mimi na wewe si mabingwa, na bonde la Mlalo halina gari la wagonjwa linalotufuata. Ndiyo maana sitaki umalize safari yako kwa kushuka mita elfu moja hadi tambarare siku ya nne, miguu ikiwa imechoka na pedi zikiwa zimelika.

Mlalo yenyewe itakulipa. Ukiwa bado juu utaiona imejaa ndani ya bonde, Mto Umba ukipita katikati, nyumba zimebanana kwenye miteremko. Nyingi za zamani ni za ghorofa, kuta za udongo na matofali, na mbele zina roshani za mbao zilizochongwa. Ukipita chini yake, inua macho. Nguzo moja ya roshani inaweza kuwa imechongwa kwa duru na meno madogo madogo, na jirani yake imeachwa wazi kabisa. Uliza nyumba ni ya nani kabla ya kupiga picha, mara nyingi mwenyewe amekaa barazani hapo hapo. Ng'ambo kuna misheni ya Kilutheri iliyoanzishwa mwaka 1891, Wajerumani wakaipa jina la Hohenfriedeberg. Fika mapema ili upate jua la alasiri bondeni, na ulale hapo hapo.

Mambo madogo yaliyobaki. Usiende peke yako. Tafuta mwenzako wa Dar, au chukua kijana wa Lushoto anayeongoza watalii, mlipane vizuri. Siyo kwamba watu ni wabaya, wala. Ni kwamba ukianguka msituni, mtu mmoja lazima akae na mwingine aende kuita. Vijiji vingi ni vya Waislamu na watu wazima wanajali mavazi, kwa hiyo juu ya kaptura ya baiskeli vaa suruali pana, au beba kanga ya kujifunga ukisimama. Salimu kila mtu, shuka kwenye baiskeli ukisalimia wazee. Watoto watakusukuma kwenye vilima kwa furaha, waache, ila waambie waachie kabla hujafika kileleni, maana mmoja aking'ang'ania keria mteremko ukianza, mtaanguka wote.

Kabla ya kwenda, Jumamosi mbili zijazo acha Bagamoyo. Nenda Pugu, tafuta kilima kimoja, ukipande na kukishuka mara kumi ukiwa na mzigo kamili. Kupanda kutakuonyesha gia zako, kushuka kutakuonyesha breki.

Siku ya nne ondoka Mlalo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kilomita ni kama 30 hadi Lushoto, na nusu ya kwanza unapanda kutoka bondeni, kwa hiyo kunywa uji mzito kwanza. Pitia Magamba, na mteremko wa mwisho kuingia Lushoto ufanye kwa vipande vitatu, ukisimama. Ukifika, osha cheni kabla udongo haujakauka, fungua gurudumu la mbele, weka kile kipande cha mti kwenye uma, tayari kwa basi la asubuhi.